Mwenye Kifaa Hasomi

Watu huniita Fundi, na hilo neno nalipenda kuliko gauni lolote nililowahi kuvaa. Fundi hana kiume wala kike. Dada yangu alihangaika sana aamue wanawe waniite mjomba au mama mdogo; la kwanza aliona litaniudhi, la pili litamuudhi mumewe, mwisho akawafundisha kuniita Fundi, utadhani nimekwenda kwao kupima madirisha. Sikulalamika. Mkunga aliyetangaza siku ile kwamba amezaliwa mtoto wa kiume alikosea, mimi ni mwanamke, na kosa lake nimelibeba katika kila karatasi yenye muhuri mpaka leo. Mama yangu ndiye mjanja kuliko wote. Ananiita mwanangu, na yanaishia hapo.

Nashona mapazia. Duka langu ni chumba kimoja nilichokigawa kwa pazia zito la rangi ya kahawia. Mbele kuna cherehani na sampuli za vitambaa zinazoning'inia. Nyuma kuna kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili, meza ndogo na stuli mbili. Naingia nyumba za watu na utepe shingoni, na kila nyumba naulizwa swali lilelile: "Fundi, mtu akisimama pale barabarani atatuona?" Nawaambia hapana, hamtaonekana. Kisha narudi kwangu, navuta pazia langu, na hakuna anayehangaika kuchungulia. Wanaosema upweke unazoeleka hawajawahi kupika kikombe kimoja cha mchele wakabakiza nusu.

Kabla ya mambo haya nilikuwa na mtu, naye ni Mnong'ono. Ni jina la utani. Alizaliwa kwa kosa lilelile la mkunga, ila yeye akaongezewa sauti nzito ya kutikisa vikombe kabatini, na kila alipoifungua mbele za watu shingo ziligeuka. Basi akaifunga. Alinunua vitunguu kwa kunong'ona, akaulizia nauli kwa kunong'ona, na kazi akatafuta mahali pasipotaka maneno: alipiga pasi kwa dobi, chumba cha nyuma, yeye na mvuke wake. Jioni alikuja kwangu, na akishavuka tu lile pazia la kahawia sauti yote ilitoka. Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alinizidi umri, nikamwita dada, naye akaniita mdogo wangu, na katika dunia nzima hakuna mwingine aliyeniita hivyo kwa hiari yake.

Vifaa vya kujipima virusi vya Ukimwi vililetwa na mwelimishaji, binti mchangamfu anayewazungukia wanawake wa namna yetu na begi mgongoni. Si kitu kizito. Kuna kijiti kipana unachokipitisha kwenye fizi, juu na chini, halafu unakitumbukiza katika kichupa cha dawa na kusubiri dakika ishirini. Mstari mmoja, huna. Miwili, nenda kliniki wakuhakikishe kwa damu, maana kijiti si hakimu wa mwisho. Wenzetu waligawanyika. Kuna aliyesema bora ujijue mwenyewe kuliko kujuliwa na benchi zima. Kuna aliyesema kujipima peke yako chumbani ni kujitafutia presha, nani atakudaka ukianguka? Na kuna aliyekipokea kifaa kwa shukrani nyingi, akakiweka juu ya kabati, na nadhani kipo huko hadi sasa.

Mnong'ono alivipenda kwa sababu ya kliniki. Aliwahi kwenda mara moja. Alikaa kwenye benchi na gauni la maua nililomshonea mimi, akiwa amependeza kwelikweli, nesi akatoka mlangoni na faili mkononi akaita jina lake la zamani, jina la babu mwenye ndevu. Benchi zima likageukageuka kumtafuta mwanamume huyo. Nesi akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mnong'ono hakuinuka. Alisubiri wamsahau, akaondoka kama mtu aliyechoka na foleni, akaja moja kwa moja kwangu. "Nilikaa juu ya jina langu," akaniambia, "kama mtu aliyekalia kitu kilichoibwa." Jina lenyewe siliandiki hapa. Aliniambia mara moja tu, kwa uchungu, na mimi si redio.

Kwa hiyo tulijipima wenyewe, pamoja, mchana duka likiwa limefungwa. Mara ya kwanza kila mtu alisoma cha kwake, na mimi nikaona mistari miwili. Nikakaa chini sakafuni. Mnong'ono akakichukua kifaa changu, akakisogeza kwenye mwanga, akapuliza.

"Mdogo wangu, huu wa pili ni uzi."

Kweli ulikuwa uzi, wa mapazia ya rangi ya damu ya mzee niliyokuwa nikiyashona wiki hiyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi pale sakafuni nikacheka naye. Tangu siku hiyo tukaweka sheria: mwenye kifaa hasomi. Hofu ina macho yake, na macho hayo hayaaminiki. Tulikaa kuelekeana, kila mmoja na kifaa chake mbele yake, na dakika zikitimia tulibadilishana stuli. Yeye akasoma changu, mimi chake. Hatukuvitia alama. Mimi ninayetia chaki mpaka kwenye kitambaa cha kupangusia vumbi sikuona haja, kwa sababu mahali ulipokaa ndipo palikuwa alama.

Siku mambo yalipoharibika tulikuwa tumeshavitumbukiza vijiti. Mlango ukagongwa.

"Fundi! Najua upo, nimeona viatu!"

Alikuwa mteja, mama mwenye nyumba mpya na sauti ya kuamrisha. Mapazia niliyomshonea yalikuwa marefu, yanafagia sakafu, na wageni wake walikuwa wanafika siku hiyohiyo. Namjua huyo mama. Pazia lililofungwa kwake si ishara ya kitu. Angepenya hadi kitandani. Nikavibeba vifaa vyote viwili na vichupa vyake, nikavisimamisha kwenye ukingo wa kidirisha cha nyuma, nikavifunika kwa kitambaa. Mnong'ono akajibanza pembeni ya kitanda. Nikatoka mbele, nikamkatia na kumpindia mapazia papo hapo, huku yeye akinisimulia marumaru za sebuleni kwake. Alipoondoka nikarudi nyuma. Dakika zilikuwa zimetimia. Nikaondoa kitambaa.

Kimoja kilikuwa na mstari mmoja. Kingine kilikuwa na miwili, na huo wa pili haukuwa uzi.

"Changu kilikuwa kipi?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyevibeba."

Nilijaribu kukumbuka mikono yangu. Kulia nilishika nini? Nilivizoa vyote kwa pamoja, kama mtu anavyozoa nguo kwenye kamba mvua ikianza. Nimepima madirisha ya mji mzima bila kukosea inchi, na pale nilishindwa kujua kulia na kushoto kwangu mwenyewe.

"Ni changu," Mnong'ono akasema.

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Hujui, dada. Hakuna anayejua. Kesho twende kliniki sote wawili, watupime tena."

"Kliniki ipi? Ile?"

Alikuwa ameanza kunong'ona, ndani ya chumba changu, upande wetu wa pazia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akakifunga kile cha mistari miwili katika kipande cha bitana, akakitia mkobani. "Kizuri baki nacho wewe," akasema. Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka.

Kesho yake hakuja. Nilipomwulizia kwa dobi waliniambia ameacha kazi, amepata nyingine mji wa jirani, kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Kisha ukaingia ujumbe: "Usinitafute kwa sasa, mdogo wangu. Niko salama." Nilipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Nilimwandikia, nikaona amesoma, kimya. Nikamwandikia tena, safari hii matusi ya mapenzi, yale ambayo zamani yangemfanya anirudishie mara mbili. Nayo akayasoma, basi.

Utaniuliza kwa nini mimi sikwenda kliniki peke yangu. Kwa sababu mimi pia nina jina la babu kwenye karatasi, na lile benchi niliota nimelikalia hata kabla sijalikalia. Nilijiambia nitasubiri mwelimishaji alete vifaa vingine. Vilikuwa vimemwishia. Nikasubiri, na kusubiri huko kulinila kidogo kidogo, kama nondo kwenye sufu. Nilikata vitambaa vifupi. Nilishona upindo upande usio wake. Mchana nilisikia hatua za watu mlangoni, nikainuka mbio, kumbe ni mtu anataka ndoana za pazia.

Mama alipiga simu, kama kawaida yake siku za mapumziko.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Sauti yako imekaa vibaya."

"Ni vumbi la vitambaa."

"Una mtu hapo wa kukuchemshia hata maji?"

"Ninaye, mama," nikasema, huku nikiitazama ile stuli ya pili.

Kilichonitesa ni kwamba hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Vifaa viwili, virusi kwa mmoja. Kama ni mimi, basi Mnong'ono amekimbia bure na kubeba mzigo usio wake. Kama ni yeye, yuko kule kwenye mashuka ya watu, bila dawa, bila mtu, na hatakwenda kliniki mpaka abebwe. Hakukuwa na jibu ambalo lingetuacha sote wawili salama. Kila nilipojiombea mema nilikuwa namwombea mwenzangu mabaya, kwa hiyo nikaacha kuomba.

Mwelimishaji alipopita tena, begi lilikuwa limejaa. Akaniwekea viwili mezani.

"Chako, na cha dada Mnong'ono."

"Kimoja kinatosha."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana."

Akaniangalia kwa huruma, nami huruma ya namna hiyo huwa inanipandisha hasira. "Usijali, Fundi. Faida ya hivi vifaa ni kwamba humhitaji mtu."

"Hiyo ndiyo faida?" nikamwambia. "Basi nitajie hasara."

Alicheka akidhani ni utani. Alipoona sicheki, akaniambia kwa upole kwamba nikitaka atakaa nami. Ni binti mwema. Lakini nilikuwa na mtu wangu, na nilimtaka yeye, si mwingine. Nikamshukuru, nikamfungulia mlango.

Nilifunga duka mchana uleule. Nikavuta pazia la kahawia, nikapangusa meza, nikahakikisha hakuna uzi hata mmoja. Stuli yake nikaiweka mahali pake, kuelekea yangu. Nikapitisha kijiti kwenye fizi, juu, chini, nikakitumbukiza katika kichupa, nikageuza uso.

Tukiwa wawili, dakika ishirini zilikuwa hazitutoshi. Tulisengenya wateja, tulipanga nyumba tutakayojenga uzeeni yenye madirisha makubwa yasiyo na pazia hata moja. Peke yako, dakika ishirini ni kitu kingine. Nilisikia maji yakidondoka ndooni. Nilisikia jirani akimwita mkewe, mkewe akaitika, nikaona wivu kwa neno dogo kama "abee".

Na hapo nitasema kweli, anayetaka kunicheka anicheke: nilitamani iwe miwili. Mimi, mwenye akili timamu, nilikaa nikitamani virusi. Kwa sababu ikiwa miwili ningempigia simu nimwambie rudi, dada, kilikuwa changu, umekimbia kivuli, rudi tule. Ikiwa mmoja, ningekuwa mzima, na ningekuwa peke yangu. Nilikuwa tayari kuugua ili nipate mtu wa kukaa kwenye ile stuli.

Dakika zilitimia. Nikashindwa kugeuka. Nilijaribu, shingo ikakataa. Mwenye kifaa hasomi, hiyo ndiyo sheria, na sheria nimeizoea kuliko macho yangu. Nikachukua simu, nikaielekeza mezani huku nimefumba macho, nikapiga picha, nikamtumia Mnong'ono. Chini yake nikaandika: "Nisomee."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aniambie nisimtafute, simu ikalia ujumbe wake.

"Umenitumia kidole gumba na mkasi. Piga tena, kipofu wewe."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nikapiga tena, na tena, nikazituma zote bila kuziangalia. Nikaubana uso katika rundo la bitana nikisubiri. Alipojibu hakuandika. Alinitumia sauti yake, ile nzito, yote.

"Mmoja. Mmoja tu, mdogo wangu, umenyooka kama mshono wako. Pumua sasa."

Nikapumua. Niliruka, nikapiga makofi, nikaipiga stuli teke kwa furaha, nikaisikiliza ile sauti mara ya pili. Ni katika kuisikiliza mara ya tatu, nikiwa bado natabasamu kama mjinga, ndipo nilipogundua nilichofanya. Ile hesabu nilikuwa naijua. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Lakini hofu haijui hesabu. Nilikuwa nimemtumia Mnong'ono majibu yake mwenyewe, nikamwomba ayasome kwa sauti, naye akayasoma, akanipa hongera.

Nikampigia. Iliita kidogo tu, akapokea.

"Dada, nisamehe. Dada, sikufikiri."

"Ulifuata sheria," akasema.

"Nimeua."

"Hujaua mtu. Acha kulia, nisikilize." Nyuma yake nilisikia maji yakimwagika, nadhani alikuwa kwenye mabeseni yake. "Afadhali sasa najua. Nilikuwa nimebeba nusu, na nusu ni nzito kuliko nzima. Kila asubuhi naamka naomba kiwe chako. Halafu najilaani mpaka mchana."

"Mimi leo nimetamani kiwe changu."

"Muongo."

"Haki ya Mungu. Ningekupigia urudi."

Nilimsikia akivuta kamasi. "Wewe ni mjinga sana," akasema, na sijawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Nikamwambia aje twende kliniki. Nilimwambia yale aliyokwisha kuambiwa na mwelimishaji: kwamba watahakikisha kwa damu, kwamba dawa zipo, kwamba mtu anayezimeza kila siku anaishi mpaka anazeeka na kuwa msumbufu. Hakubisha hayo. Aliyajua. Alibisha kitu kimoja tu, tena kwa kunong'ona.

"Wataita jina."

"Wakiita nitasimama mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Watazame wanavyotaka, nimewazoea. Wewe utapita kwa pembeni wakiwa wananikodolea mimi macho."

Hakusema ndiyo. Alisema, "Nitaona."

Mwisho akakubali tupange siku, na siku hiyo nilifika mapema kushika foleni. Nikamtajia karani lile jina, maana ndilo lililokuwa kwenye faili lake la siku ile. Likanitoka mdomoni kama jiwe. Karani akautazama uso wangu, akalitazama gauni langu.

"Ni wewe?"

"Ni ndugu yangu. Yuko njiani."

"Akiitwa mara tatu hayupo, faili linarudi kabatini."

Nikakaa kwenye benchi. Ni benchi refu la mbao, limelainishwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Mama mmoja alisogea kunipisha, akanitazama vizuri, akasogea tena zaidi ya ilivyohitajika. Dirisha kubwa lililotazama uani lilikuwa halina pazia, fimbo tupu tu imebaki, na kwa mazoea nikalipima kwa macho. Nikampigia Mnong'ono. Simu iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Watu waliitwa, wakaingia, wakatoka wakiwa wameshika pamba kwenye vidole. Nesi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wengi na koo moja, kwa hiyo alipaza sauti. Kila mlango ulipofunguliwa nilitazama getini, na hakuwapo.

Nikajua haji. Ningekuwa yeye, nisingekuja. Nikaanza kufikiria nitakavyorudi dukani, nitakavyowasha jiko, kikombe kimoja cha mchele.

Nesi akaliita lile jina.

Benchi likageukageuka, kama alivyonisimulia. Wanaume wawili watatu wakatazamana, kila mmoja akitikisa kichwa kwamba si yeye. Nesi akaita mara ya pili. Nilitazama getini. Nilitazama simu. Akafungua mdomo kuita mara ya tatu, na mimi nikasimama.

Nilidhani nimezoea kutazamwa. Nilijidanganya. Njiani unatazamwa unapita. Pale umesimama, na jina la babu mwenye ndevu limekuning'inia shingoni, na gauni lako, na viatu vyako vya kike vya miguu mikubwa. "Makubwa haya," akasema mzee mmoja mwisho wa benchi, na mtu akacheka puani. Yule mama wa pembeni yangu akavuta mkoba wake mapajani. Nikaelewa kwa nini Mnong'ono alikaa juu ya jina lake siku ile. Nikaelewa pia kwamba ahadi yangu niliitoa kirahisi mno, na kwamba ningeitoa tena.

"Ndiye wewe?" nesi akauliza, akitazama faili, akinitazama.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema kitu, sauti ikaingia kutoka dirishani, kutoka uani, nzito, ya kutikisa vikombe.

"Mwacheni huyo. Anayeitwa ni mimi."

Benchi zima likageukia dirisha. Alikuwa pale chini ya ukuta, nadhani tangu asubuhi, upande ule ambao mtu aliyekaa ndani hamwoni. Akazunguka, akaingia kwa mlango mkubwa akiwa na gauni la maua nililomshonea, amekonda, macho mekundu. Hakupita kwa pembeni kama tulivyopatana. Alikata katikati ya chumba, mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka, labda kwa mshangao, labda kwa sauti ile. Alipofika kwangu akanishika mkono.

"Na huyu mwingine?" nesi akauliza. "Tunaingiza mmoja mmoja."

"Naingia na mdogo wangu," Mnong'ono akasema, na hakunong'ona, kila mtu alisikia. "Mwenye kifaa hasomi."